Ziwa Limechafuka: Maswali ya Wasafiri wa Boti, Mwanza na Visiwani

Majibu haya ni ya wanaotembea Ziwa Victoria kwa boti ya kukodi, mtumbwi wa injini au meli ya abiria, kati ya Mwanza, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Rubondo. Maswali mengi hurudi palepale: upepo umekaza, nahodha amekataa kuondoka, siku zinahesabika, tufanye nini? Saa zote ni za Kiswahili.

Kwani ziwa nalo lina dhoruba ya kuogopwa? Si bahari.

Lina, tena ya hila kuliko wengi wanavyodhani. Ziwa hili lina upana wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kitu. Maji mapana yasiyo na kina hutoa mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana karibu karibu. Baharini wimbi ni refu, chombo hulipanda na kulishuka. Ziwani kichwa cha mtumbwi hutumbukia nyuma ya wimbi la kwanza, na kabla hakijainuka la pili limeshakimwagikia. Mawimbi ya mita moja yanatosha kuujaza mtumbwi wa mbao wa mita 8.

Ndani ya Ghuba ya Mwanza vilima na miamba huvunja upepo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukitoka mdomoni mwa ghuba kuelekea Ukerewe, upande wa kaskazini magharibi uko wazi. Upepo ukitokea huko unakuwa umekimbia juu ya maji matupu kilomita nyingi, na wimbi linalokufikia si la hapo Mwanza.

Kwa nini radi za ziwani hupenda usiku?

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvutwa kutoka ziwani kwenda bara. Utausikia kuanzia saa nne au tano asubuhi, na hukaza mpaka alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, na upepo hushuka kutoka pande zote za ziwa kwenda katikati. Hewa hiyo ikikutana haina pa kwenda ila juu, nayo imebeba unyevu wa ziwa zima. Ndiyo maana mawingu ya radi hujengeka juu ya maji kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Upepo wa juu aghalabu hutoka mashariki, hivyo mawingu hayo husukumwa magharibi. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza karibu nusu yake. Kwa msafiri maana yake ni kwamba nyota za saa mbili usiku hazikuahidi chochote kuhusu saa tisa usiku.

Basi saa nzuri ya kuondoka ni ipi?

Karibu saa moja asubuhi, baada ya kulitazama ziwa kwa nusu saa kukiwa na mwanga. Radi ya usiku itakuwa imeisha, au utaiona ilipo. Panga safari ya maji mapana iwe imekwisha saa tano au sita, kabla upepo wa mchana haujakaza. Kuondoka saa tisa usiku "ili tuwahi" ni kwenda kuifuata radi nyumbani kwake.

Majira nayo yana lake. Masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) ndiyo miezi ya radi. Juni hadi Agosti mvua ni haba, lakini upepo wa kusini mashariki huvuma mchana siku nyingi mfululizo. Anga ya bluu, maji yamechafuka. Wageni wengi wanaokwama mwezi wa saba hukwama huku jua linawaka, na ndio wanaobishana na nahodha kuliko wote.

Utabiri nausomaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri unaolihusu Ziwa Victoria. Tazama vitu viwili, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Kwa boti ya wazi ya mita 7 hadi 9 kipimo chetu ni hiki: upepo ukitabiriwa kuzidi kilomita 30 kwa saa au mawimbi kuzidi mita moja, usivuke maji mapana. Tahadhari za hali mbaya zina madaraja: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa chombo kidogo njano peke yake inatosha kukulaza.

Utabiri lakini hufunika eneo kubwa, na wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu. Kwa hiyo utumie kupanga siku. Kuondoka kuamuliwe na macho, yako na ya wavuvi waliopo mwaloni, yaani ufukweni wanapoegesha mitumbwi. Wavuvi wa dagaa wakirudi na taa zao kabla ya wakati, usiulize utabiri umesemaje.

Dalili gani za kuangalia nikiwa majini?

Ya kwanza ni wingu jeusi lenye kitako bapa na kichwa kilichopanuka kama fuawe. Ya pili ni upepo kukatika ghafla. Wageni hufurahia utulivu huo, mabaharia huanza kufunga vitu. Ya tatu ni upepo wa baridi kuanza kupuliza kutoka upande wa wingu. Ya nne ni mstari mweusi juu ya maji, kama mtu aliyechora kwa mkaa, unaokujia. Huo ndio ukingo wa upepo wenyewe, na ukiuona una dakika, huna saa.

Pima kwa radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Jibu ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kumi. Wingu likienda kilomita 40 kwa saa litakufikia kwa robo saa, na katika robo hiyo mtumbwi uendao kilomita 15 kwa saa haujamaliza kilomita nne. Hesabu hiyo ndiyo ya kukumbuka kuliko ushauri mwingine wowote hapa: radi ikiwa ndani ya sekunde 30 na kimbilio liko zaidi ya kilomita tatu, ulichelewa kugeuka.

Tumeona kama moshi wa kahawia umesimama juu ya ziwa. Ni mvua?

Inawezekana ni wadudu. Nzi wa ziwani huibuka kwa mamilioni na kupanda kama nguzo ya moshi. Nguzo yao haina kitako bapa, haina umeme, na huyumba. Hawaumi. Ila ukipita katikati yao funga mdomo, na funika mlango wa hewa wa injini.

Dhoruba imetukuta katikati. Tufanye nini, kwa mpangilio?

Kila mtu avae jaketi okozi na kufunga kamba zote, pamoja na ile ipitayo katikati ya miguu kama ipo. Jaketi lisilofungwa hutoka kichwani mtu akigonga maji. Shusha turubai la kivuli mara moja, maana upepo ukilishika limekuwa tanga. Watu wakae sakafuni, katikati, wasirundikane upande mmoja. Mizigo mizito ishuke chini na ifungwe.

Nahodha apunguze mafuta bila kuzima injini, aielekeze boti kwenye wimbi kwa mshazari, yaani wimbi ligonge begani mwa chombo. Kulikabili uso kwa uso hufanya kichwa kitumbukie, na wimbi la ubavuni ndilo linalopindua. Akitaka kugeuza, asubiri: mawimbi makubwa huja matatu au manne pamoja, kisha huja nafasi ya madogo. Ageuze hapo, kwa haraka, mara moja.

Mtu mmoja kazi yake iwe kutoa maji, kwa ndoo ya lita kumi iliyofungwa kamba kwenye mbao. Kata ya kuchotea maji ya kunywa haifai. Maji ndani ya boti hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, kwa hiyo usingoje yafike kwenye vifundo vya miguu.

Injini ikizima, funga ndoo nyingine kwenye kamba ya mita 20 hadi 30 na uitupe kutoka kichwani mwa boti. Itakokota majini na kukiweka kichwa upande wa upepo huku mnashughulikia injini. Sababu ya kwanza ya injini kuzima kwenye mawimbi ni uchafu: mtikisiko huchochea maji na takataka zilizolala chini ya tangi hadi kwenye chujio. Ya pili ni pini ya panga boi kukatika baada ya kugonga gugumaji au mti. Beba pini tatu, plagi mbili na spana ya plagi, zifungwe kwenye mfuko usioingiza maji.

Mkipinduka, shikilia chombo. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa, na unaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufukwe unaoonekana karibu uko mbali kuliko macho yanavyosema. Simu ya dharura ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtumie mtu aliye nchi kavu mahali mlipo kwa simu mapema, wakati mnaanza kuona dalili.

Tukipata muda wa kujificha, tuelekee wapi?

Upande wa kisiwa usiopigwa na upepo, hata kama hauna kijiji. Wengi hukimbilia ufukwe wenye taa na maduka wakati ndio ule unaopigwa na mawimbi. Ufukwe wa miamba wenye upepo wa kuusukumia chombo ni mbaya kuliko kubaki majini.

Nanga itahitaji kamba ndefu: mara tano ya kina siku tulivu, mara saba kukiwa na upepo. Kwenye kina cha mita 5 hiyo ni mita 35. Kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza. Chini ya maji hapa kwetu ni mawe makubwa ya matale, yaleyale unayoyaona vilimani, na nanga hupenda kunasa katikati yake. Kabla ya kuishusha, funga kamba ya pili nyembamba kwenye kitako cha nanga, yenye urefu unaozidi kina kwa mita mbili, na dumu tupu la lita tano juu yake liwe boya. Nanga ikinasa, vuta kwa dumu, itatoka kinyumenyume. Bila hivyo utaikata kamba na kuiacha.

Ghuba yenye gugumaji usiingie hadi mwisho. Upepo ukigeuka, zulia lote huja kuifunga boti, panga boi haligeuki, na asubuhi mnaanza kukata kwa panga. Usishuke majini penye matete: kuna viboko na mamba.

Tumeegesha kwenye mwalo tusioujua. Tuanze na nani?

Na uongozi wa mwalo: mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu hukiita BMU. Asipokuwepo, mtendaji wa kijiji. Aende nahodha na msafiri mmoja mtu mzima, si kundi zima. Shikamoo kwanza, kisha habari za hapa, kisha shida yenu. Pande za Wasukuma, "mwangaluka" ya asubuhi au "mwadila" ya kuanzia mchana hufungua mlango haraka kuliko noti. Toa majina, idadi, mlikotoka na mnakokwenda. Visiwa vimewahi kuvamiwa na wezi wa injini, na boti ngeni ya jioni hutiliwa shaka kwa haki.

Ulizeni mambo manne: boti ilale wapi, mlinzi wa usiku ni nani na analipwa kiasi gani, gesti au nyumba ya kulala ipo wapi, na choo kiko wapi. Injini ndogo ifunguliwe ilale ndani pamoja na tangi. Boti ivutwe juu mpaka theluthi mbili iwe nchi kavu, kwa sababu wimbi la usiku hufika mbali kuliko la jioni.

Tungoje hadi lini?

Radi: nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Upepo: ukishakatika, mawimbi huchukua saa mbili hadi tatu kulala. Tazama vichwa vyeupe. Vikiwa hapa na pale, upepo uko karibu kilomita 20 kwa saa na boti nzuri inaweza kupita. Vikiwa vimejaa kila mahali, ngoja. Na ikifika saa nane mchana hamjaondoka, fungueni mizigo. Safari iliyoanza saa tisa huishia gizani, na gizani huoni mwamba wala nyavu.

Swali lenyewe hasa ni la fedha na ratiba. Nahodha aliyekodiwa kwa safari moja anapoteza kila siku anayolala kisiwani, basi ataona ziwa limetulia mapema kuliko lilivyotulia. Mkubaliane kabla ya kuondoka, kwa maandishi hata ya karatasi ya daftari: siku ya kungoja inalipwa kiasi gani (nusu ya siku ya kazi ni kawaida nzuri), nani anawalisha mabaharia, nani analipa gesti, na kwamba nahodha akisema hatuendi, hatuendi. Kisha weka siku moja ya akiba kwa kila siku tatu za safari, wala usikate tiketi ya ndege au basi kwa siku ileile unayotarajia kurudi. Asiye na siku ya akiba ndiye anayesema "twende tu, si mbali."

Mafuta na chakula cha akiba ni kiasi gani?

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe. Injini ya nguvu za farasi 15 ikikazwa hunywa lita 6 hadi 7 kwa saa, ya farasi 40 lita 15 hadi 18, na kwenye mawimbi safari ya saa mbili huwa ya saa tatu. Kwa injini inayochanganywa oili kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400. Petroli ya visiwani huuzwa kwa chupa na madumu. Ichuje kwa kitambaa safi kabla ya kuitia.

Maji ya kunywa ni lita tatu kwa mtu kwa siku, kwa siku mbili zaidi ya ratiba. Maji ya ziwa yachemshe au uyatie dawa, hata kama wenyeji wanayanywa. Kwa chakula cha akiba hatujaona kinachoyashinda matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Hukaa miezi, na unavitafuna vikavu. Usivichanganye na michembe, ambayo huanikwa mibichi na lazima ipikwe. Anayeitafuna kavu atakumbuka meno yake.

Meli au kivuko kimeahirishwa. Nidai nini?

Tunza tiketi, uliza dirishani kama inahamia safari ijayo au fedha inarudi, na andika jina lako kwenye orodha upya. Usihamie kwenye mtumbwi wa abiria kwa sababu meli imekataa kuondoka. Sababu iliyoizuia meli inauua mtumbwi. Na siku safari zikirejea, chombo cha kwanza hujaa. Kikionekana kimezidi, subiri cha pili. MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kaa ulipo mpaka kamba zifungwe gatini.

Tumekwama Mwanza mjini kwa saa chache. Twende wapi?

Jiwe la Bismarck liko kando ya maji karibu na kivuko cha Kamanga, unafika kwa miguu kutoka katikati ya mji. Lione kutoka ufukweni. Mvua ikiwa imenyesha, miamba ya ukingoni huwa na utelezi wa mwani usioonekana, na kukiwa na radi jiwe refu si mahali pa kusimama. Jua likirudi, tazama mijusi ya kichwa chekundu na mwili wa bluu ikitoka kuota, pamoja na pimbi.

Mwaloni Kirumba nenda asubuhi, saa moja hadi saa nne. Ni soko la dagaa na samaki wakavu, na utajua ziwa lilivyolala kwa kuangalia magunia. Chukua gao la dagaa, lisugue kiganjani, kisha uachie: mchanga ukibaki mkononi, walianikwa chini, kiganja kikibaki na magamba tu, walianikwa kwenye chanja. Waliolowa mvua wakiwa wanakauka hugeuka rangi ya kahawia na hunuka mafuta. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu usishangae soko likiwa jepesi.

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kisiwa pamoja na maji yake kilomita za mraba 2.18, ndani ya ghuba, dakika kumi na tano kwa boti ya hifadhi kutoka Capri Point. Kuna swala pala, tumbili, pimbi na mamba. Saa tatu zinatosha. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali au kadi, usiende na noti. Upepo ukikaza boti hizo nazo husimama, kwa hiyo hifadhi hii ni ya asubuhi.

Tuna siku nzima na mvua haikatiki.

Nenda Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma: daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Mna ngoma za watemi, vifaa vya waganga na vya vyama vya wachezaji, Bagika na Bagalu, na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Omba mwongozaji, bila yeye utaona vibuyu tu. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, wachezaji hushindana wakicheza na nyoka hai, na watu hujaa mno. Njiani, Igoma, kuna makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996.

Mvua ikiwa imekatika usiku uliopita, lango la Ndabaka la Serengeti liko karibu saa mbili kwa gari kwenye barabara hiyohiyo. Ila udongo wa huko ni mfinyanzi mweusi: ukilowa, gari dogo halifiki popote.

Tumekwama Nansio, meli haiji. Kuna njia nyingine ya kurudi?

Ipo. Toka Nansio kwa gari hadi Rugezi, vuka kwa kivuko hadi Kisorya, kisha barabara ya Bunda hadi Mwanza. Huo ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa na bara, unaweza kupitika siku ambayo maji mapana hayapitiki. Ondoka asubuhi, kwani siku nzima itaisha njiani. Ukitokea Kome au Rubondo hesabu ni tofauti: tangu Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, ukishafika bara upande wa Sengerema au Geita unarudi Mwanza kwa gari bila kugusa maji tena.

Na kama tumeamua kukaa Ukerewe?

Kodi pikipiki au gari kwa siku, si kwa safari. Jumba la watemi wa Bukindo, mapango ya Handebezyo, msitu na ufukwe wa Rubya upande wa magharibi. Ng'ambo ya pili Ukara kuna jiwe linalocheza, lakini kivuko cha Bugolora hadi Bwisya hupita maji yaleyale yaliyokukwamisha. Usivuke mchana ukitarajia kurudi jioni. Mchana kula ugali wa muhogo na sato. Machungwa ya Ukerewe, kama ni msimu, nunua kwa fungu.

Tunaweza kuoga ziwani tukingoja?

Hapana, hata pakiwa pasafi kwa macho. Kichocho kiko kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, yaani palepale watu wanapoteremka kutoka boti. Vaa buti za mpira kushukia, jikaushe kwa taulo mara moja ukilowa, kisha kapime hospitali baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima wiki ya kwanza utaambiwa huna, ukaamini.

Picha na droni?

Bandarini na kwenye maeneo ya ulinzi usipige. Mwaloni omba kwanza, hasa kwa akina mama wanaoanika dagaa. Wamechoka kupigwa picha wakiwa wameinama. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini kibali kingine. Upepo unaokuzuia wewe kuondoka hautairudisha droni yako.

Mtoto anatapika hata tukiwa tumetia nanga.

Mshushe nchi kavu kama inawezekana. Boti iliyotiwa nanga huyumba vibaya kuliko inayokwenda. Kama haiwezekani, mkalishe nyuma karibu na katikati, atazame ukingo wa mbali, umpe maji kidogo kidogo yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asilale mbele, na jaketi lake lisivuliwe.